Kahawa ya barafu ya blenda imegoma? Tafuta dalili yako hapa

Kama umesaga kahawa ya barafu nyumbani ikatoka maji matupu, au barafu imebaki mawe mawe chini ya jagi, au ladha haifanani kabisa na ile unayolipia mjini, jua kwamba karibu matatizo yote haya yana mzizi mmoja na mzizi wenyewe ni joto. Kahawa imetoka kwenye birika sasa hivi, maziwa yameshinda mezani, glasi imekaa juani dirishani, vyote vinaingia kwenye jagi halafu tunaiachia barafu kazi mbili kwa mpigo, ipooze kila kitu na yenyewe ibaki barafu. Haiwezi. Nitapita dalili moja moja na sababu zake ila utaniona narudi kwenye joto mara kwa mara, maana ndo ukweli wenyewe.

Kwanza tuwe na kipimo kimoja ili tukisema kitu kimezidi au kimepungua tuelewane. Kwa glasi mbili za kawaida: kahawa kali iliyopoa ml 150, maziwa baridi ml 120, shira vijiko vya chakula vitatu, barafu gramu 250 ambayo ni kama vipande 12 au 13 vya trei ya kawaida, na chumvi kidogo sana ile ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi usiidharau, inapunguza uchungu wa kahawa bila wewe kuongeza sukari. Ukitumia kahawa ya kuyeyuka, Africafe au nyingine yoyote, weka vijiko vya chai vitatu vilivyojaa kwenye maji ya moto kama ml 50, koroga mpaka iyeyuke yote, ndo uongeze maji baridi ifike 150 na uiingize kwenye friji. Ukisharidhika na kipimo hiki utakichezea utakavyo, lakini anza nacho hivi hivi ili ujue kilichobadilika ni nini.

Imetoka majimaji, kama kahawa ya jana iliyowekewa barafu

Hii ndo dalili ya wengi na nataka nikae nayo. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunahitaji joto sawa na lile la kupooza gramu moja ya maji kutoka nyuzi 80 mpaka sifuri. Sasa piga hesabu. Kahawa yako ml 150 ikiingia kwenye jagi na nyuzi 80 za joto inaweza kuyeyusha barafu karibu gramu 150, na wewe umeweka 250. Zaidi ya nusu ya barafu imeshakuwa maji kabla hujaonja, na maji hayo yote yameingia kwenye kahawa yako. Ndo maana unaona ni nyepesi na haina ladha kwa wakati mmoja, ni kosa moja linaonekana sehemu mbili.

Mtu atasema mimi kahawa niliipoza mezani. Sawa, lakini meza ya Dar mwezi wa pili, au Mombasa, au Tanga, ina nyuzi 30. Kahawa na maziwa vyote vikiwa nyuzi 30 vinakula barafu kama gramu 100. Vikitoka kwenye friji vikiwa na nyuzi 4 au 5 vinakula chini ya gramu 20. Tofauti ni kubwa kiasi hicho na haina gharama yoyote, ni kutengeneza kahawa usiku na kuiacha kwenye friji mpaka kesho. Ukifanya hili moja tu katika maelezo yote haya utaona mabadiliko siku hiyo hiyo.

Kama umeshafanya na bado ni maji, angalia barafu yenyewe. Barafu iliyokaa kwenye bakuli jikoni wakati wewe unatafuta sukari na kuosha jagi imeshaanza kulowa, na maji yaliyoizunguka nayo yanaingia kwenye kinywaji. Barafu itoke friza iende moja kwa moja kwenye jagi, iwe kitu cha mwisho kabisa. Ikitoka kwenye friza nzuri ina nyuzi kama 18 chini ya sifuri, huo ubaridi wa ziada unakusaidia sana, ila ikikaa nje unaupoteza. Na kama ni siku umeme umekatika ukarudi, barafu inakuwa laini kwa ndani hata kama juu inaonekana ngumu, ipe masaa kadhaa iganda upya ndo uitumie.

Sababu nyingine ni kusaga muda mrefu. Visu vinazunguka kwa kasi na kila mzunguko unaingiza joto na kuvunja vipande vidogo zaidi, na kipande kidogo kinayeyuka haraka kuliko kikubwa. Sekunde 30 mpaka 45 zinatosha. Ukiona umefika dakika mbili na bado kuna mawe, tatizo limehamia kwa blenda, nitalifikia.

Dawa kubwa kuliko zote kwa ugonjwa huu ni kugandisha kahawa yenyewe. Mimina kahawa kali kwenye trei ya barafu, ikiganda itumie badala ya nusu ya barafu ya maji. Hata ikiyeyuka inayeyuka kuwa kahawa. Wengine wanagandisha na maziwa pia, inatoka nzito na laini sana, ila maziwa yakikaa friza wiki nyingi yanaanza ladha ya ajabu kwa hiyo gandisha ya kutumia karibuni.

Imetoka nzuri ila baada ya dakika tano imejitenga, barafu juu na maji ya kahawa chini

Hapa hujakosea kusaga. Barafu ni nyepesi kuliko maji, lazima ipande juu, na kama hakuna kitu kizito cha kuishikilia itapanda tu. Ile ya mgahawani haijitengi haraka kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kushikiza, mara nyingi ni unga wa zanthani, ambao kwenye pakiti jina lake linaanzia na x, na unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Ukiupata tumia kidogo mno, robo ya kijiko cha chai kwa jagi zima tena hata pungufu, na uuchanganye na sukari kavu kwanza kabla haujagusa maji la sivyo unafanya mabonge. Ukizidisha kinywaji kinavutika kama mlenda na hapo hakuna wa kukunywea.

Usipoupata, usihangaike, jikoni kuna vya kutosha. Nusu ya ndizi mbivu iliyogandishwa inashikiza vizuri na inaleta utamu wake, ila ladha ya ndizi utaisikia, usidanganywe kwamba haitasikika. Robo ya parachichi inashikiza hata zaidi na ladha yake imetulia, mimi kwa kahawa naipendekeza kuliko ndizi, rangi tu ndo inakuwa ya kijani kibichi kidogo mpaka uongeze kijiko cha kakao. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari vijiko viwili au vitatu badala ya shira, hayo yanafanya kazi nzuri mno kwa sababu yana sukari na maziwa makavu mengi kwenye nafasi ndogo. Aiskrimu ya vanila mpira mmoja nayo inatosha, maana imeshatengenezwa na vya kushikiza ndani yake.

Kwa wanaouliza kwanini Frappuccino, ile kahawa ya barafu ya kusaga ya Starbucks, maduka ya kahawa ya Kimarekani, ni nzito vile wakati ni kahawa na barafu, sio kahawa na barafu tu, ni kinywaji kilichofikiriwa toka mwanzo kiwe kizito. Jina lenyewe lilianzia Boston, Marekani, kwenye maduka ya Coffee Connection ya George Howell, Starbucks wakayanunua mwaka 1994 na 1995 wakatoa cha kwao. Kwa hiyo ukiweka kahawa, maji na barafu peke yake usitegemee kile, unategemea kitu ambacho viungo vyako haviwezi kukupa.

Blenda inanguruma lakini vitu havisogei

Visu vinazunguka, juu kumetulia tuli, na chini ukiangalia kuna shimo la hewa limezunguka visu. Hiyo ni kwa sababu barafu imetangulia chini na maji hayajafika. Zima, chomoa, koroga na mwiko, ongeza maziwa kidogo, kama vijiko viwili vya chakula, washa tena kwa kugusa gusa, yaani ile swichi ya P unaibonya na kuachia mara tano sita kabla ya kuiacha iende. Na kuanzia hapo fuata mpangilio: vya maji maji kwanza, shira, vya unga, vitu laini kama parachichi, barafu mwisho. Usiijaze jagi kuzidi theluthi mbili. Mwiko usiuingize blenda ikiwa inazunguka hata kama umeshazoea, kuna watu wamekula vipande vya mwiko.

Kama mpangilio uko sawa na bado barafu inabaki mawe, angalia wati zilizoandikwa chini ya blenda. Blenda za wati 300 mpaka 400 ni za juisi ya embe na parachichi, barafu ya kipande kikubwa zinaichezea tu. Hazikatai kabisa lakini zinataka msaada: funga barafu kwenye kitambaa safi kinene uigonge na mchi mpaka iwe vipande vya ukubwa wa punje ya njugu mawe, ndo uweke. Barafu kubwa la kwenye kopo au mfuko usiliweke hivi hivi hata kwenye blenda ya wati 1000, linapinda visu.

Kuna harufu ya kuungua? Zima sasa hivi. Mota imepata moto, iache nusu saa ipoe. Blenda nyingi zina kitu ndani kinachokata umeme zenyewe zikizidiwa na joto, mtu anadhani imekufa anaikimbiza kwa fundi, kumbe ikipoa inawaka, nyingine zina kitufe kidogo chini cha kubonya kuirudisha. Soma kile kitabu kilichokuja nayo, nyingi zimeandikwa zisiende zaidi ya dakika moja mfululizo. Na jioni ile ambapo mtaa mzima unatumia na umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, usisage barafu wakati huo, mota inahangaika na inapata moto kuliko kawaida.

Mota inazunguka kwa sauti ya juu kabisa ila visu vimesimama au vinasita sita: hicho ni kile kishikio cha mpira au plastiki chini ya jagi kinachoungana na mota, meno yake yameisha. Barafu ndo inayoyamaliza. Ni kifaa cha bei ndogo na fundi wa vyombo vya umeme anakibadilisha haraka, nenda na blenda yenyewe maana vinatofautiana ukubwa. Ikivuja kwa chini, ni ule mpira mwembamba wa duara chini ya visu, umekakamaa au umekaa upande, utoe uuoshe uurudishe vizuri, ukiendelea nunua mwingine. Usiendelee kutumia inayovuja, maji yanashuka kwenye mota na umeme upo hapo.

Mfuniko umeruka, kahawa imepaka ukuta

Umeweka kahawa ya moto. Mvuke ukifungiwa kwenye jagi na vitu vikaanza kuzunguka unatanuka ghafla na unasukuma mfuniko, na mtu anaungua usoni na mikononi. Hili sio la kujaribu hata kidogo kidogo. Jagi la kioo nalo likipata moto halafu barafu papo hapo linaweza kupasuka. Kahawa baridi, siku zote.

Haina ladha ya kahawa, au ina uchungu wa kukwaruza koo, au ina uchachu

Ubaridi unaua ladha. Kahawa ambayo ukiinywa ya moto unasema hii kali, ikiwa baridi na maziwa na barafu inapotea kabisa. Kwa hiyo kahawa ya kusagia barafu itengenezwe kali mara mbili ya ile ya kunywa asubuhi. Suluhisho sio kuichemsha muda mrefu, hapo ndo unapata ule uchungu wa kukwaruza, suluhisho ni kahawa nyingi kwenye maji machache.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuloweka. Gramu 100 za kahawa ya kusaga, iliyosagwa nene sio unga laini kama wa kupika kwenye dele, weka kwenye chupa na maji safi baridi ml 600, tikisa, iache kwenye friji masaa 12 mpaka 16, halafu chuja kwa kitambaa safi au chujio la karatasi. Utapata kama ml 400 kwa sababu kahawa yenyewe inanyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake. Inatoka kali, imetulia, haina ukali wa kuungua, na inakaa kwenye friji siku kadhaa ikifunikwa. Na imeshakuwa baridi tayari, umeua ndege wawili. Huna mashine ya kusagia? Kile kikopo kidogo cha viungo kinachokuja na blenda kinatosha, gusa gusa swichi, usiache iende mpaka iwe vumbi.

Aina ya kahawa nayo inaamua mengi. Robusta ya Kagera au ya Uganda ina uchungu na uzito, kwenye maziwa na sukari haipotei, na kwa kinywaji hiki mimi naiona inafaa sana hata kama watu wanaisifia arabika peke yake. Arabika ya Kilimanjaro au Mbinga ni laini zaidi, ongeza kipimo kidogo. Arabika ya Nyeri na Kirinyaga ina uchachu wa matunda, nzuri mno ikiwa nyeusi na barafu tupu, ila ukiichanganya na maziwa, na kama imekaangwa kidogo tu, ule uchachu unagombana na maziwa mtu anadhani yameharibika. Kwa hiyo chukua iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia iliyokolea.

Mchanga mdomoni? Umeweka kahawa ya kusaga moja kwa moja kwenye blenda ukidhani ni ya kuyeyuka. Hutokea sana maana pakiti zinafanana na zote zimeandikwa kahawa. Ya kuyeyuka ukiweka kidogo kwenye kijiko na maji inapotea yote, ya kusaga inabaki chini. Jaribu hivyo kabla hujamimina mfuko.

Sukari imebaki chini inakwaruza

Sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi, hata uisage vipi. Pika shira, ile ile ya kaimati: sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, chemsha mpaka sukari iyeyuke yote, zima, ipoe, weka kwenye chupa friji. Wakati inachemka tupia iliki mbili tatu zilizopondwa au kijiti cha mdalasini, na kama unapenda ile kahawa ya baraza ya Lamu au Zanzibar tia na tangawizi iliyopondwa, uichuje baadae. Kwa kahawa ya barafu iliki inakaa vizuri kuliko vanila ya chupa, na nasema hivi kwa moyo wote. Jua tu kwamba baridi inapunguza utamu pia, ukionja shira kwenye kahawa kabla ya barafu iwe tamu kupita unavyotaka kidogo.

Ila usizidishe ukadhani ni utamu tu. Sukari inazuia barafu kukaa ngumu, ukiweka nyingi sana kinywaji kinalegea haraka. Na usipoweka kabisa, kinakuwa punje punje za barafu kavu kwenye maji. Asiyetumia sukari aongeze parachichi au maziwa mazito yasiyo na sukari ili kupata ule ulaini.

Kuna vijidonge vyeupe vinaelea

Hapa kuna mambo matatu yanafanana machoni lakini sababu ni tofauti. La kwanza ni malai. Maziwa ya ng'ombe uliyochemsha mwenyewe yakipoa yanafanya ngozi juu, ukiyasaga yakiwa baridi mafuta yanashikana yanaanza kuwa siagi ndogo ndogo. Yachuje kwa chujio la chai kabla ya kuyaweka, basi imeisha.

La pili ni tui la nazi. Watu wengi wa pwani wanataka kutumia nazi na ni wazo zuri, inaelewana na kahawa ajabu. Shida ni kwamba mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi kama 24, sasa wewe unayapeleka kwenye barafu, lazima yafanye punje nyeupe zinazobaki kwenye ulimi kama nta. Tui zito la kwanza liache kwa wali na mchuzi, kwenye kahawa weka tui jepesi la pili, au chukua tui la boksi ambalo kwenye maelezo wameandika kuna vya kushikiza, halafu usaga kwanza tui na kahawa peke yake sekunde kumi ndo barafu ifuate. Maziwa ya unga nayo yanafanya vidonge yakikutana na baridi, yakoroge na maji ya uvuguvugu pembeni kwanza.

La tatu ni maziwa kukatika. Yale yaliyoanza kuchacha hata kama bado hujasikia harufu, yakikutana na kahawa ambayo nayo ina asidi, hasa ikiwa ya moto, yanakatika. Onja maziwa. Yakiwa mazima na kahawa ikiwa baridi ni nadra kuona hili.

Ina harufu ya samaki

Barafu inanyonya harufu, na friza zetu zina dagaa, zina utumbo, zina vitunguu vilivyokatwa. Trei isiyo na mfuniko ikikaa wiki hapo, barafu inabeba vyote. Ikishaganda hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, na iliyokaa muda mrefu ipeleke kumwagilia maua. Na maji ya kutengenezea barafu yawe yaliyochemshwa au salama ya kunywa, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu vya tumbo, vinasubiri tu. Ndo maana barafu la mtaani ambalo hujui limetoka wapi lipoze soda kwa nje ya chupa, lisiingie kwenye jagi lako.

Nusu ya glasi ni povu

Kahawa ya kuyeyuka ikipigwa na kasi inatoa povu jingi, ndo tabia yake, haina mafuta karibu kabisa ya kulivunja. Punguza muda wa kusaga, weka maziwa toka mwanzo maana mafuta yake yanalituliza povu, au iache jagi dakika moja kabla ya kumimina.

Ila tabia hiyo hiyo inakuokoa umeme ukikatika. Mwaka 1957 kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, Ugiriki, Dimitris Vakondios aliyekuwa anafanya kazi upande wa Nestlé alitaka kahawa yake ya kuyeyuka akakosa maji ya moto, akaitia kwenye chombo cha kutikisia pamoja na maji baridi na barafu, akatikisa, na Wagiriki mpaka leo wanakunywa frape hiyo. Chukua chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana, kahawa vijiko viwili vya chai, sukari, maji baridi kidogo tu ya kufunika, tikisa kwa nguvu mpaka iwe povu zito rangi ya kahawia, mimina juu ya barafu, ongeza maji, maziwa yaje mwisho. Ukiyaweka maziwa kabla ya kutikisa povu halitasimama vizuri. Haitakuwa ya kusaga lakini kwa mchana wa joto bila umeme inatosha kabisa.

Moyo unaenda mbio, usingizi hauji

Kinywaji baridi na kitamu kinashuka haraka na hukumbuki kwamba kina kahawa kali mara mbili. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa mtu mzima mwenye afya wataalamu wanashauri isizidi miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito mwisho 200. Nusu ya kafeini inakuwa bado mwilini masaa kama matano baadae, kwa hiyo glasi ya saa kumi jioni utaisikia saa tatu usiku. Watoto watengenezee ya kakao na maziwa, kipimo ni kile kile, unatoa kahawa unaweka kakao vijiko viwili vya chakula vilivyoyeyushwa na maji ya moto kidogo, na wanafurahi tu.

Imebaki, nifanyeje

Usiirudishe friji kwenye glasi, itajitenga na kuwa maji. Imimine kwenye trei ya barafu igande, kesho tupia vipande hivyo kwenye jagi na maziwa baridi ml 100, gusa gusa swichi, iko tayari. Jagi lioshe papo hapo na maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, liwashe sekunde kumi kama unasaga, suuza, na ule mpira wa chini ya visu utoe uukaushe pembeni maana maziwa yakikauka pale ndo harufu ya kesho inapoanzia.